Madigadi ya Kushoto

Dukani kwa muuza spea walikaa saa nzima wakichagua ukanda mmoja tu wa urembo, ule wa kubandika kwenye madigadi, juu ya tairi.

"Huu unawaka mno," mzee alisema, akiinua ukanda wa nikeli kwenye mwanga wa mlangoni. "Kwani hili gari la bwana harusi? Lete ule mweusi wa mpira, wenye mstari wa fedha."

"Mzee, si ndio ulioukataa mwanzo?"

"Sikuwa nimeuangalia vizuri."

"Haya. Ila huwa nauza jozi."

"Sijagongwa jozi, bwana. Nimegongwa upande mmoja."

Muuza spea alicheka, akaichana pakiti. Binti wa mzee hakucheka. Alisimama kando, funguo za gari zikiwa ndani ya mfuko wa gauni lake, mkono ukiwa juu ya mfuko.

Daktari alikuwa amesema bila kuzunguka: baba yako asiendeshe tena, kumbukumbu zinamtoka. Naye, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, alimweleza baba yake jioni ileile. Mzee akalia. Kesho yake alikuwa amesahau. Akaelezwa upya, akalia upya. Mara ya tatu binti hakumweleza tena. Tangu hapo alikuwa akiwahi usukani tu: leo nina haraka, baba, acha niendeshe mimi. Jumapili mdogo wake angekuja kulichukua gari. Zilibaki siku mbili.

Wala hakuna mwendawazimu aliyemgonga mzee barabarani, kama mwenyewe alivyoshikilia. Wiki iliyopita aliingia getini akapanda juu ya baiskeli ya mjukuu wake. Mtoto alikuwa ameiacha dakika hiyohiyo akaenda kunywa maji. Mzee alishuka, akaitazama baiskeli iliyopondeka, akaingia ndani kulala. Asubuhi aliona tu bonde na mchubuko kwenye madigadi ya kushoto, akaapa kwamba hatembei na gari lenye kovu. Mikono yake haikuweza tena kunyoosha bati, lakini kubandika urembo iliweza. Binti akaona afadhali: afanye kazi, achoke, alale.

Walipofika uani, mzee alivua saa, akakunja mikono ya shati. Gerejini walimwita Milimita kwa miaka arobaini, na ukimwona kazini ulijua sababu. Alipangusa bati kwa spiriti, akaweka alama kwa penseli, akaujaribu ukanda mara tatu kabla ya kubandua karatasi ya gundi. Vidole vilivyosahau vifungo vya shati havikusahau hata hatua moja.

Ila alikuwa amechuchumaa upande wa kulia.

"Baba, si upande ule mwingine?"

"Wewe una stashahada ya ugavi, mama. Mimi ya kwangu ni ya madigadi. Shika hapa, usibonyeze."

Akashika. Angefanya nini? Ukanda ulikaa kwenye bati zima, lisilo na kasoro, umenyooka kama uliotoka nalo kiwandani. Mzee alirudi nyuma hatua tano, akafumba jicho moja, akatabasamu.

"Umeona? Huwezi kujua kama liliwahi kuguswa."

Kisha akalizunguka gari kulitazama lote, akafika kushoto, akasimama. Akapitisha kidole kwenye bonde, taratibu. Akautazama ukanda uliobaki mkononi, kipande cha shibiri moja. Uso wake ukaanza kuvunjika kama ulivyovunjika zile mara mbili.

"Nani kafanya hivi?"

Zaidi ya visingizio vya usukani, binti alikuwa hajawahi kumdanganya.

"Mimi, baba. Leo asubuhi, nikirudi nyuma."

Uso wa mzee ukajikusanya. Hasira ikamrudishia umri wake wa gereji.

"Na ukanyamaza! Unaniacha napendezesha huku, kumbe huku umelibomoa! Lete funguo."

"Baba, ngoja..."

"Lete! Dereva asiyejua anagonga wapi hapewi gari. Mpaka nikufundishe upya."

Kiganja kilikuwa mbele yake, cheusi kwa gundi, kimetulia kabisa. Sababu moja tu ya kumnyima alikuwa nayo, na ndiyo ile iliyomliza mara mbili. Akazitoa funguo.

"Mwite mjukuu wangu," mzee alisema, akiingia kwenye usukani. "Twende tukautembeze huu urembo."

Ndani, viatu vidogo vilikuwa tayari vinakimbia kwenye sakafu. "Babu, nakuja!"

Binti alipiga kelele, "Usitoke!" Akakimbia hadi getini, akalifunga, akaliegemea kwa mgongo. Injini ikawaka. Mzee akapiga honi mara mbili, akatoa kichwa dirishani, akicheka.

"Toka hapo, mama. Utagongwa."

Hakutoka.