Folda ya Sauti

Mstari wa mwisho kwenye skrini ulisema: Inaondoa sauti. Chini yake hapakuwa na kitu ila kile kialama kinachopepesa, kikingoja amri nyingine, utadhani hakuna lililotokea. Fundi aliusoma mstari huo juujuu, mkono wake ukiwa umeshashika kikombe cha chai. Kikombe hakikufika mdomoni. Alikirudisha mezani taratibu, akasogeza kiti, akausoma tena neno kwa neno, kisha akafungua folda ya mradi na kutazama mahali ambapo folda ya sauti ilikuwa imekaa tangu kabla ya kaka yake kupasuliwa. Haikuwepo.

Jina la Fundi alipewa na kaka yake huyohuyo, utotoni, siku alipoifungua redio ya nyumbani kwa kisu cha mezani ili amwone mtu anayesema mle ndani. Likamganda. Hata hapa ofisini, ambako kila mtu ni fundi wa programu, yeye ndiye aliyekuwa Fundi, na kazi yake ilikuwa kuzifanya mashine ziseme. Kwa hiyo madaktari walipomwambia kaka yake kwamba zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, lazima liondolewe lote, na sauti iende nalo, watu wa nyumbani walilia na yeye hakulia. Alimwambia, "Nipe mimi sauti yako kabla hawajaichukua wao."

Wakaanza. Waliegemeza godoro dirishani chumbani kwa kaka ili kelele za barabarani zisiingie, na kaka mtu akakaa ukingoni mwa kitanda akisoma sentensi moja baada ya nyingine kutoka kwenye kompyuta ya Fundi, mpaka koo likawaka moto, ili kwa rekodi hizo Fundi ajenge mashine itakayosema kwa sauti hiyo lolote atakaloandika kaka. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwenye sauti iliyofika dawati la nyuma bila kupandishwa. Baada ya upasuaji alibaki na kibao cheupe na peni yake. Sauti za mashine zilizo tayari zipo, na wauguzi walimwonyesha. Alisikiliza moja, akaandika kwenye kibao: Wanafunzi wangu hawatafundishwa na mtu anayetangaza ghorofa kwenye lifti. Wauguzi wakacheka, yeye hakuwa anatania. Mkuu wa shule alimtunzia darasa lake hadi muhula mpya, na muhula mpya ungefunguliwa Jumatatu. Leo ilikuwa Ijumaa, na Fundi alikuwa ameahidi kwamba leo jioni ataipeleka sauti nyumbani.

Sasa hebu nieleze ilivyokuwa, kwa maana mtu wa nje atauliza inakuwaje mtaalamu apoteze kitu kama hicho. Kazi za namna hii hufanywa kwa programu ya kutunza matoleo. Kila ukimaliza hatua unaiambia ihifadhi, nayo inaweka nakala ya mradi mzima ulivyo saa hiyo, ili ukivuruga kesho uweze kurudi jana. Ni kitu kizuri, na kinawapa watu ujasiri usio na kichwa wala miguu. Lakini mafaili ya sauti ni mazito, na ghala la ofisi, zinakowekwa nakala hizo, halikutengenezwa kubeba mizigo hiyo, kwa hiyo Fundi aliiandika folda ya sauti miongoni mwa vitu ambavyo programu ivipuuze. Ikawa ipo palepale katikati ya mradi, ukiifungua inafunguka, ila programu haikuitambua wala haikuitunza.

Asubuhi ile matoleo yake na ya mwenzake yaligongana. Akirekebisha hapa, kunavunjika pale. Akirudisha la jana, la leo linagoma. Mwenzake alikaa meza ya pili, na wote walimwita Bawabu, kwani hakuna kilichoingia ghalani bila yeye kukikagua mpaka ndani ya mifuko. Alikuwa ameshachoka kusikia Fundi akiguna.

"Safisha uanze upya," alimwambia bila kugeuza shingo. "Ondoa kila kitu kisichohifadhiwa, kisha jenga."

"Hata yale makapi yanayopuuzwa?"

"Hayo hasa ndiyo yanayokusumbua."

Bawabu hakujua kilichokuwa humo. Fundi alijua, lakini saa ile kichwa kilikuwa kimejaa migongano na hasira na jioni inayokuja. Akaandika amri ya kusafisha, akaiongezea ile herufi moja inayosema na vya kupuuzwa pia, akabonyeza. Kompyuta haikumuuliza mara mbili.

Fundi alitazama kwenye pipa la taka la kompyuta ingawa alijua amri za namna ile hazipiti pipani. Alipakua programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, akaiacha ichambue diski huku ameuma ncha ya ukosi wa blauzi, nayo ikamletea picha za zamani za harusi ya mtu na risiti ya viatu. Diski za siku hizi ukizifuta zinajifagia zenyewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyewahi kuwafundisha wengine ofisini jambo hilo. Akakimbilia nakala za mtandaoni. Folda ilikuwepo kule kwa jina, tupu. Nafasi ilikuwa imejaa zamani, na kila asubuhi kidirisha cha onyo kilitokea kwenye pembe ya skrini, na kila asubuhi alikifunga kama mtu anavyofukuza inzi.

Ndipo akakumbuka flashi. Siku waliyomaliza kurekodi, kaka yake alikuwa ametoa flashi yake ya shuleni, ile anayohifadhia mitihani, akamnyooshea. "Niwekee na mimi, mdogo wangu, huwezi kujua." Fundi alicheka. Alimwambia, "Kaka, mimi kazi yangu ni kutopoteza vitu." Ilikuwa miongoni mwa siku za mwisho alizosikia kaka yake akisema kitu kwa mdomo wake, na yeye alikuwa akimcheka.

Simu ikalia. Alikuwa mke wa kaka yake.

"Wifi, hujambo? Sikukawizi. Nilitaka kujua tu, utafika kabla ya jua kuzama au baada?"

"Sijambo, wifi. Nita... kabla."

"Maana huku kuna bwana harusi. Amenyoa ndevu, amenyoosha shati, amesogeza kiti karibu na soketi ya spika. Namwambia utakaa hapo mpaka miguu ife ganzi, ananiandikia ninyamaze." Akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Wifi, nikwambie kitu. Miezi yote hii nagombana na kibao. Ukimgombeza mtu akakujibu kwa maandishi, ugomvi wenyewe hauna ladha. Mlete aje anijibu."

"Ndiyo, wifi," alisema Fundi. Simu ilipokatika aliiweka mezani kifudifudi, akashika tama, akatamani kwa moyo wake wote kuugua kitu kikubwa, hapohapo, kitu cha kupelekwa hospitali, ili jioni hiyo asitarajiwe popote.

Bawabu aligeuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa amesikia. Ofisi ile ni ndogo, huwezi hata kulia peke yako.

"Folda gani imeenda?" aliuliza.

"Ya sauti za kaka yangu. Zote. Nilizipuuzisha, halafu nikasafisha."

Bawabu, mtu asiyewahi kukosa la kukemea, alivuta kiti chake mpaka meza ya Fundi.

"Mimi ndiye niliyekwambia usafishe."

"Hukujua."

"Sikuuliza." Akajikuna kidevu. "Lakini subiri kidogo. Mwanzo kabisa wa huu mradi, unakumbuka nilivyokugombeza? Ulinitupia mafaili ya sauti ghalani, ghala likawa zito, watu wote wakalalamika."

"Nikayaondoa siku ileile."

"Uliyaondoa kwenye matoleo yaliyofuata. Toleo la siku yenyewe hukuligusa, bado limo. Mpaka mtu aje aiandike upya historia yote ya ghala ndipo yanatoka kweli, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Nimekuwa nikiiahirisha." Aliona aibu kidogo. "Nimepangiwa kuifanya kila mwezi, na kila mwezi naona uvivu."

Fundi alianza kurudi nyuma katika historia, toleo baada ya toleo, akipita marekebisho yake mwenyewe yenye maelezo ya kipuuzi, tumejaribu tena, tumejaribu tena sasa kweli, mpaka akafika mwanzoni. Akakosea amri, akaifuta, akaandika tena. Folda ikatokea. Ndani yake kulikuwa na mafaili machache tu.

Aliyajua kabla ya kuyafungua. Yalikuwa ya siku ya kwanza, waliporekodi sebuleni, kabla hawajapata akili ya kuhamia chumbani na kuegemeza godoro. Yote waliyatupa kwa sababu yalikuwa na kelele ya maji. Alibonyeza moja. Maji yalichuruzika, halafu mtu akasafisha koo, lile koo, lile hasa, na Fundi akalizima faili haraka kwa kiganja kizima, kana kwamba linachoma.

"Yanatosha?" aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Kujenga sauti?" Bawabu alitazama urefu wa mafaili, akatikisa kichwa. "Hapana. Tunaweza kujaribu, itatoka kitu kinachochechemea. Kaka yako hataitaka."

"Hataitaka," alikubali Fundi. Akayanakili mafaili yale kwenye kompyuta, kisha kwenye flashi, kisha kwenye simu, kisha akamwomba Bawabu naye ayaweke kwake. Bawabu aliyaweka mahali kadhaa bila kuombwa zaidi.

Njiani alitunga uongo wa kila aina. Mashine imeharibika. Inahitaji wiki nyingine. Kampuni imezuia. Kila uongo ulikuwa mzuri mpaka alipoufikisha kwenye ule uso ulionyolewa, ukavunjika hapohapo. Alipofika mlangoni alikuwa hana hata mmoja mkononi.

Kaka yake alikuwa amekaa kama alivyoelezwa, karibu na soketi, shati limenyooshwa, kitambaa kimefungwa vizuri shingoni kuficha tundu la kupumulia. Spika ilikuwa mezani, imeshawashwa. Wifi alimkumbatia Fundi, akamtazama machoni, akatambua kuwa kuna jambo. "Naona mna maongezi ya ndugu," alisema. "Acha niinjike chai." Akaingia jikoni.

"Kaka," alisema Fundi akiwa bado amesimama. "Nimezipoteza. Nilikuwa nasafisha mradi, nikafuta folda yako. Hazirudi, nimejaribu kila njia. Sikuweka nakala."

Kaka alichukua peni, akaandika, akafuta kwa kiganja kabla hajamwonyesha. Akaandika tena, akafuta tena. Mara ya tatu aligeuza kibao. Zote?

"Zote tulizorekodi chumbani."

Aliweka kibao mapajani. Kifua kilipanda na kushuka, na ile hewa ikapita kwenye tundu la shingo kwa mluzi mdogo. Fundi angependa kupigwa kofi, angependa kutukanwa na kufukuzwa, lakini mtu aliyekuwa mbele yake hakuwa na cha kumtukania, na aliyemnyang'anya ni yeye. Kaka aliandika polepole, kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Ulisema kazi yako ni kutopoteza vitu.

"Nilisema," alisema Fundi. Hapo ndipo alipolia, bila kujifunika uso, machozi yakidondokea kwenye mfuko wa kompyuta aliokuwa ameukumbatia.

Kaka hakumbembeleza. Alichomoa waya wa spika ukutani, akaanza kuuzungusha mkononi, taratibu na vizuri, kama mtu anayefungasha vitu vya marehemu. Hilo Fundi hakuweza kulitazama. Alimshika mkono.

"Usikunje kwanza. Zimebaki za siku ya kwanza. Za hapa sebuleni, zile tulizozitupa. Hazitengenezi kitu, kaka, sikudanganyi. Ila ni wewe."

Kaka aliurudisha waya kwenye soketi mwenyewe, na mwenyewe akaunganisha kompyuta. Fundi alibonyeza faili la mwanzo.

Maji yakachuruzika. Koo likasafishwa. "Mbwa wa jirani amenunua miwani," ilisema sauti ya mwalimu wa hesabu, nzito, yenye kukereka, ikajaza chumba mpaka pembeni. "Hii sentensi kaandika nani? Yaani nikishafungwa mdomo, hili ndilo nitakalokuwa nikisema?" Kicheko cha Fundi kikasikika kwa mbali. "Usicheke, soma mwenyewe. Mbwa, miwani." Kaka alikuwa ameinama mbele, kiganja kikiwa juu ya spika, akiisikia kwa ngozi. Midomo yake ilikuwa ikifuatisha maneno. "Halafu maji hayo yanatoka wapi? Tutarekodi nini na mvua yote hii?" Kiti kikakwaruza sakafu, na sauti ikageuka, ikapanda kidogo tu, ile ya kufika dawati la nyuma. "Bibie, hebu funga hilo bomba."

Jikoni maji yaliyokuwa yakijaza sufuria yakakatika.

"Haya, nimefunga," wifi alijibu kutoka huko, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa kazi yake.

Halafu wakasikia sufuria ikianguka.