Masafa ya Ndovu

Njura alikuwa amesimama nyuma ya Landikruza, antena mkononi, risiva ikining'inia kifuani. Jua la alasiri lilimchoma shingo, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni. Chini ya turubai, wafadhili walikuwa wakinywa maji baridi na kutazama saa zao.

"Simba wako wapi?" aliuliza Kinoti, meneja wa mradi.

"Bado inazunguka, bosi. Ikimaliza ndovu wote ndio inarudi kwa simba."

Risiva ilisikiliza masafa ya kola ya redio iliyovishwa shingoni mwa mnyama mmoja kwa sekunde chache, ikaruka kwa mwingine, hadi ikawamaliza na kuanza upya. Simba wakiwa mbali, mlio wao ulikuwa hafifu. Usipopewa muda, hausikiki.

"Toa ndovu. Simba waongezee muda."

Njura hakugusa kitufe. "Bosi, yule ndume wa pembe moja siku hizi anashuka mtoni jioni. Nikimsikia karibu, napigia watu wetu walio mashambani simu."

"Wewe umeandikwa kazi na nani?"

"Na mradi."

"Na mradi unalishwa na nani?" Kinoti aliwatupia wageni tabasamu, kisha akashusha sauti. "Vijana wanaotafuta kazi wamejaa mjini Laare. Toa."

Akatoa. Mmoja baada ya mwingine. Kwa yule wa pembe moja kidole kilisita, kisha kikabonyeza.

Punde mlio wa simba ukaingia, tik, tik, na wageni wakapiga makofi. Waliufuata kwa gari hadi bondeni, wakakaa na simba hadi vivuli vikarefuka. Njura aliomba arudishe ndovu. Kinoti alimvua ile risiva akaiweka kwenye kiti cha mbele. Njura akatoa simu yake. Bondeni kule hakukuwa na netwaki.

Kijijini kila mtu alijua: simu ikilia, toka shambani, isipolia, endelea na kazi. Jedidah, dada yake Njura, aliendelea kuvuna ndengu kando ya mto. Majirani walimkuta pale pale, nyayo za ndovu zikimzunguka, kiondo kimebanwa chini ya mgongo wake.

Kesho yake Kinoti alifika matangani na magunia ya unga na sukari. Alimvuta Njura nyuma ya gari.

"Betri ya kola iliisha. Hiyo ndiyo taarifa. Waelezee kwa Kimeru."

"Bosi, aliyekufa ni dada yangu."

"Ndiyo maana watakuamini."

Njura alisimama mbele ya waombolezaji. Alisema maneno aliyopewa, macho yake kwenye viatu vyao. Mama yake alijikokota hadi alipokuwa, akamshika mkono.

"Hata mimi niliwaambia," mama akasema, sauti imekauka kwa kilio. "Ile mashine ingekuwa nzima, ungetupigia, mwanangu."

Kinoti alivua kofia.

Mchungaji akawaalika watu waombe. Alimwombea marehemu, akawaombea yatima wake, kisha akainua sauti: Bwana awabariki wageni wa mradi, awafungulie mkono, wanunue kola mpya.

"Amina," watu wakaitikia.

Mama yake Njura alikuwa bado amemshika. Aliubana ule mkono kidogo, akingoja.

"Amina," akasema Njura.