Korongo la Dirisha la Jikoni

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimeshasimama jikoni kwa baba, simu mkono mmoja, kishikwambi mkono wa pili. Dirishani hapakuonekana kitu. Ukungu ulikuwa umejaa bonde zima hadi kwenye ukuta wa zizi. Siku nyingine dirisha lile linaonyesha korongo la Kvitskar, ufa mwembamba uliosimama wima kati ya majabali mawili, na baba yangu Oddgeir amekunywa kahawa akilitazama kwa miaka arobaini bila kulishuka kwa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, hata mara moja.

Skii anazijua kuliko kutembea. Korongo ndilo lenye maringo. Miaka mingi theluji haitoshi, mawe yanabaki yamejitokeza katikati. Lilijaa vizuri mara moja tu, na mwezi ule baba alikuwa kazini kwenye mtambo wa mafuta baharini. Jirani yetu Halstein akalishuka, na tangu hapo kila Krismasi lazima atuhadithie upya, kama vile tumesahau.

Mwaka huu limejaa tena. Dhoruba za Februari zililishindilia theluji, kisha zikaja wiki tatu za utulivu, theluji ikakaa ikashikana. Lakini Jumanne baba anabadilishwa nyonga, na daktari amemwambia wazi kwamba baada ya hapo miteremko mikali basi. Leo ni Jumamosi. Kesho utabiri unaleta mvua hadi kileleni. Kwa hiyo ni leo, au ndiyo imetoka hiyo.

Baba aliingia akijishika nyonga, akaniwekea simu yake mezani. Kwenye kundi la kijiji Halstein alikuwa ameandika: "Kamera ya mlimani inaonyesha ukungu mtupu. Narudi kulala." Chini yake dole gumba kumi na moja.

"Umeona?" baba akasema. "Nyeupe pe. Rudi kitandani, Ingunn."

"Kamera ina barafu usoni, baba."

"Nani kakuambia? Hicho kidude chako?"

"Ndiyo, kidude changu. Njoo uone." Nikamvutia kiti. "Kituo cha hali ya hewa kiko hatua ishirini kutoka kwenye kamera. Unyevu wa hewa pale ni asilimia thelathini na tisa. Ukungu gani huo unaishi kwenye hewa kavu hivyo? Halafu huku chini ni nyuzi kumi na moja chini ya sifuri, kule juu ni saba tu. Baridi imezama bondeni, ukungu umezama nayo. Jana jioni wingu lilipita pale likagandia kioo cha kamera, kisha likashuka. Sisi ndio tuko ndani ya ukungu. Mlima uko uchi!"

Akakwangua jibini la kahawia. Kijiji kizima huamini ile kamera inayorusha picha za mlima kwenye simu kuliko macho yao, na baba hajawahi kuwa tofauti.

"Na poromoko la theluji?"

"Hatari ni daraja la pili kati ya matano. Upepo hakuna. Ila mchana joto linaingia, na saa tano jua linageukia majabali ya korongo. Baada ya hapo yataanza kutupa barafu chini. Saa tano wote wawili tuwe nje ya korongo, la sivyo tunageuza."

Kisha nikamfungulia ramani yangu, ile inayopaka kila mteremko rangi kwa ukali wake. Njia niliichora wiki nzima nikikwepa nyekundu, ikizunguka nyuma ya mlima.

"Mbona umetuzungusha hivi? Mimi ningekata hapa."

"Hapo digrii thelathini na nne, na juu yake kuna theluji inayoning'inia."

Akavaa miwani, akaitazama sana. "Hm," akasema. Kwa baba yangu hm ni kama kupigiwa vigelegele, na nilitamani kumkumbatia hapo hapo. Nikamjazia chupa ya kahawa badala yake.

Tulipanda tukiwa tumebandika ngozi chini ya skii ili zisirudi nyuma, taa za kichwani zikiangaza ukungu tu. Kwenye miti ya mwisho ya mbetula nilianza kuona kivuli changu. Hatua kumi zaidi, na jua likatupiga usoni. Anga la buluu, vilele vyote vya wilaya vimetoka nje ya wingu, na hakuna alama ya mtu popote. Nilipiga kelele hadi koo likaniuma.

"Kumbe kweli!" baba akasema, akacheka. "Halstein kalala! Mwenyewe! Leo!"

Nyonga ndiyo haikuwa na furaha. Kuanzia katikati alikuwa akiburuta mguu wa kulia, na kila nilipotazama saa, dakika zilikuwa zimekimbia kuliko sisi.

"Baba, twende kidogo kidogo, ila tusisimame."

"Wewe ongea, mimi napumua. Tugawane kazi."

Tulifika mdomoni mwa korongo, juu kabisa, saa tano kasoro dakika ishirini na tano. Nilichimba shimo, nikapigapiga nguzo ya theluji kwa koleo kupima kama ingeporomoka. Ilisimama imara. Korongo lilikuwa kivulini bado, laini, limejaa ukuta hadi ukuta.

"Tangulia, baba. Mimi nakuona kutoka hapa. Ukitoka nje niite kwenye redio, ndipo nishuke."

Akaelekeza skii chini, akaenda, na mguu ule aliouburuta asubuhi nzima ukasahau kwamba ni mgonjwa. Kushoto, kulia, kushoto, theluji ikimrukia kifuani. Nililia na kucheka kwa pamoja, sioni haya kusema. Kisha, katikati kabisa ya korongo, akasimama.

Nikabonyeza redio. "Baba! Umeumia?"

Redio ikakwaruza tu.

"Baba! Nyonga?"

"Sijaumia." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimesimama tu. Sitaki iishe, mwanangu."

Juu ya kichwa chake mstari wa jua ulikuwa umegusa ncha za majabali. Saa tano kasoro dakika saba. Kushuka kwangu kulihitaji dakika tatu, na alijua, maana hesabu hiyo niliifanya mbele yake pale mezani.

"Nipe dakika moja," akasema. "Moja tu."

Nilimpa. Nilisimama na saa mkononi, nikimtazama mzee mmoja mdogo katikati ya weupe wote ule, kichwa amekiinua, hafanyi lolote. Sijawahi kuipenda dakika yoyote kama nilivyoipenda ile, wala kuichukia hivyo. Ilipoisha kidole changu kilikataa kubonyeza, nikakilazimisha.

"Baba. Imetosha. Shuka."

"Sawa, kiongozi," akajibu, akashuka.