Kwa Hisani na Ruhusa ya Bwana Tudge

Hinwardine, kijiji kidogo cha Kiingereza, hakuna duka, baa ya mwisho ilishafungwa, na basi hupita Alhamisi tu. Lakini kijarida kipo. Kila mwezi kurasa nane zilizobanwa pini mbili, na kwa miaka thelathini na moja aliyeziandika, akazichapa na kuzipeleka mlango kwa mlango alikuwa Hester Lovibond, mjane, mwalimu mstaafu, mtu asiyependa kusahihishwa kwa kuwa hakuzoea kukosea. Alijivunia jambo moja, kwamba hakuna uongo uliowahi kupita humo. Hata keki zilizoungua siku ya sherehe ya kanisa ziliandikwa kwamba ziliungua, na aliyezioka hakumsalimia Hester mpaka Krismasi.

Mwaka huo habari kubwa ilikuwa njia. Ni njia ya miguu tu, inatoka nyumba za bondeni, inakata shamba la marehemu mzee Amory Tudge na kupanda hadi kanisani. Mzee alipokufa, shamba likanunuliwa na Bwana Haldane kutoka London, naye akaweka seng'enge na bango la kukataza watu. Kijiji kizima kiliumia, ila hakuna aliyeumia kama Enid Probert. Enid ana miaka themanini na tatu na hana gari. Mwanawe wa pekee, Colin, amezikwa pale kanisani tangu pikipiki imuue akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa miaka arobaini mama huyo hakukosa kwenda kumwona asubuhi. Kwenda kwa barabara ya lami ni kujitafutia kifo. Haina pa kukanyaga pembeni, na malori ya machimbo yakipita, ua wa miiba wote hutikisika. Kwa hiyo alikuwa akiinua seng'enge na kupenya chini yake, na magoti yake yale.

Sheria ilikuwa upande wao, au ndivyo walivyodhani. Watu wakipita mahali miaka ishirini mfululizo, bila kuvunja kitu, bila kujificha na bila kupewa ruhusa na mtu, basi njia hiyo inakuwa ya umma na mwenye shamba hana la kusema. Watu ishirini na sita walijaza fomu za kaunti kuomba itambuliwe hivyo. Kwenye swali la ruhusa wote waliandika hapana, Hester akiwamo. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya ushahidi, na Jumapili moja baada ya chakula cha mchana akafungua sanduku la vijarida vya zamani, akitafuta picha za watu wakipita shambani. Badala yake alijikuta mwenyewe.

Kila Septemba kijarida kina ukurasa wa shukrani. Hinwardine unaweza kumgombanisha mtu na mkewe ukasamehewa, lakini ukimsahau mtu kwenye shukrani za Septemba, hilo wajukuu zake watakuja kukukumbusha. Kwa hiyo Hester hakumwacha mtu: waliopanga maua, waliokata majani makaburini, waliopiga kengele, waliochemsha chai. Na chini kabisa, Septemba baada ya Septemba, aliandika: "Njia ya kanisani tunaipita kwa hisani na ruhusa ya Bwana Tudge." Hakuna aliyewahi kumwomba mzee ruhusa yoyote. Ilikuwa adabu tu. Lakini mzee aliipenda sana adabu hiyo, hata ikawa kila Agosti anasimama kwenye geti la Hester na kusema, "Haya mama, na mwaka huu nimeruhusu," na Hester anamshukuru kwa chupa ya jemu. Watu huponzwa na ulimi, yeye alikuwa ameponzwa na kalamu.

Alivibeba vijarida mpaka kwa Clive Beddoes, mwenyekiti wa baraza la kijiji, mkulima wa tufaha ambaye Hester alimfundisha hesabu utotoni bila mafanikio makubwa. Clive alisoma vitatu, akavua miwani.

"Nakala nyingine nani anazo?"

"Hakuna. Watu wanawashia moto."

"Basi."

"Basi nini, Clive?"

"Basi na wewe una jiko la kuni, Mwalimu."

"Kwenye fomu nimeandika sikupewa ruhusa. Na mkono ulioandika hii ni huohuo."

"Ruhusa gani bwana? Mzee Tudge angekuzuia na nini, na nyonga yake ile mbovu? Ulikuwa unampaka mafuta tu mzee wa watu. Nakuomba, Mwalimu. Mara hii moja tu, usitufundishe."

Hester alirudi nyumbani akawasha jiko. Tuseme kweli, alitaka kuvichoma. Alikaa mbele ya moto na kijarida kimoja mapajani mpaka chai ikapoa. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye aliona wazi kwamba hii isingekuwa fupi. Ingefika kanisani salama, watu wangeipita miaka mia, na asingejua mtu. Hilo ndilo lililomtisha. Alijiona mwezi unaofuata ameketi kuandika habari za kijiji, na hakujua angeanzaje.

Kesho yake alikwenda kwa Enid, maana hakutaka alisikie ukumbini, kwenye mkutano wa kijiji. Alimkuta jikoni akimenya viazi. Alimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, naye Enid hakuacha kumenya.

"Unaniambia ili nikwambie nini?"

"Sijui. Nimeona ulisikie kwangu."

"Ukinyamaza, nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe." Enid aliweka kisu chini. "Wewe mumeo yuko pale, unakwenda Pasaka na Krismasi, tena kwa gari. Mimi nina mtoto pale. Mtu akiniambia nichague kati ya roho yako nyeupe na Colin wangu, unadhani nitachagua nini?"

"Najua, Enid."

"Ningenyamaza, Hester. Ningenyamaza na usingizi ningelala."

Hata hivyo, Jumatano Hester alisimama ukumbini, akasoma ile sentensi ya chini, mwaka mmoja baada ya mwingine mpaka mzee alipokufa, mara ishirini na tisa. Mtu mmoja nyuma alisema, "Shukrani ya punda hiyo," na wachache wakacheka bila furaha. Clive alitazama viatu vyake. Baada ya miezi miwili kaunti ilijibu kwamba ombi limekataliwa, na wiki hiyohiyo Haldane akajenga uzio wa mbao usiopenyeka. Hester aliyachapa yote ukurasa wa kwanza, pamoja na sababu, pamoja na jina lake.

Asubuhi iliyofuata, saa tatu kamili, alisimamisha gari mlangoni kwa Enid. Enid hakutoka. Siku ya pili hakutoka pia. Siku ya tatu alitoka na maua yake, akafungua mlango wa nyuma, akaketi kama abiria wa teksi. Mpaka kanisani ni dakika nne. Hakusema neno kwenda wala kurudi, na ikawa hivyo Oktoba nzima. Hester alivumilia. Aliona amestahili hivyo, na iliuma vilevile.

Mwishoni mwa Novemba, wakiwa njiani, Enid alisema, "Unakimbiza gari."

"Ni maili ishirini kwa saa, Enid."

"Unakimbiza. Kwa miguu nilikuwa na dakika ishirini na tano. Namsimulia Colin habari zote, nikifika juu nimeshamaliza, nasimama naye tu kidogo. Sasa nafika sijasema hata moja, na kwa baridi ile siwezi kuanza mwanzo."

Hester alikuwa akidhani amemrudishia Enid alichomnyang'anya. Alishusha gia, gari likaanza kutambaa. Nyuma yao lori la machimbo lilipiga honi, kisha likapiga tena kwa muda mrefu. Hester hakuongeza mwendo.

Enid aligeukia dirisha. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu aliye jikoni kwake.

"Colin," alisema, "paka wa Clive amezaa tena, safari hii ndani ya kofia yake ya kanisani. Baridi imeanza mapema. Na huyu anayeendesha ni Hester, yule aliyetuharibia njia. Ngoja nikusimulie alivyofanya."

Hester alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele, akapunguza mwendo zaidi.