Hewa Ndani ya Bomba

Kwa miaka tisa Msellem alifanya kazi juu ya paa la chuo kimoja cha Al Qusais, huko Uarabuni, akihudumia viyoyozi arobaini na viwili. Mwezi wa Agosti alipanda na kitambaa kibichi kichwani, na kabla hajamaliza kiyoyozi cha kwanza kitambaa kilishakauka. Kiangazi cha 2015 mwenzake, Rama, alianguka kule juu kwa joto. Alizindukia hospitali, na hakurudi tena kazini. Alisafirishwa kwao Tanga.

Mwaka uliofuata chuo kikaamua kuachana na mashine za paani. Wakaja wachimbaji, wakatoboa visima virefu vyembamba chini ya maegesho ya magari, wakashusha mabomba humo. Maji yangezunguka yakibeba joto la madarasa na kulimwaga ardhini, na mtambo mmoja wa chini ungetosha kupoza jengo zima. Kila mtu alifurahi. Msellem aliwaza kimya kimya: paa likiwa tupu, fundi wa paani wa nini? Viza yake ilikuwa inaisha Septemba, na huko Unguja mkewe Hamida na watoto walimtegemea yeye.

Siku ya kuwasha, injinia wa chuo, madam Badriya, alibonyeza kitufe mwenyewe. Madarasa yakapoa. Maktaba, ghorofa ya tatu, ikabaki kama tanuri. Saa mbili zikapita, wanafunzi wakahama na vitabu vyao. Watu wa kampuni iliyofunga mtambo wakakodolea kompyuta macho, mmoja akasema huenda visima havitoshi na itabidi wachimbe vingine, au chuo kirudishe mashine zake za zamani. Badriya akakaa kwenye ngazi, mtandio umelowa jasho.

Joweria, Mganda aliyefanya usafi maktaba, akamvuta Msellem pembeni. "Bwana, mimi nasikia maji yanagugumia ukutani. Tangu asubuhi."

Msellem akamfuata hadi nyuma ya rafu za mwisho. Akatega sikio kwenye bomba, akalipapasa. Chini lilikuwa baridi; juu, karibu na dari, lilikuwa na joto. Kabla ya viyoyozi alikuwa fundi bomba kwao Mwanakwerekwe, Unguja, na mlio ule aliujua vizuri.

Akasimama pale, mkono bado kwenye bomba. Angenyamaza tu, viyoyozi vingerudi, na kazi yake ingebaki. Kisha akamkumbuka Rama alivyolala kifudifudi kwenye zege lile, midomo imepasuka. Akashuka.

"Madam, visima havina kosa. Kuna hewa imekwama juu kwenye bomba, maji hayapiti. Niruhusu niitoe."

"Una hakika?"

"Ninayo."

Akapanda ngazi ya kukunja, akalegeza skrubu ndogo kwenye kona ya bomba. Hewa ikatoka ikifoka, likafuata povu, kisha maji safi yakamrukia usoni, ya baridi. Akafunga. Haikupita nusu saa, wanafunzi wakaanza kurudi.

Badriya alimwuliza amejifunzia wapi, naye akamweleza.

"Natafuta mtu wa chumba cha mashine tangu Juni," akasema, "kumbe yupo humu humu. Kesho niletee pasipoti, tuanze viza mpya. Khalas, yamekwisha."

"Ahsante, madam," Msellem akajibu.

Akatoka hadi kwenye korido, akakaa sakafuni. Joweria akamkuta pale anacheka peke yake. Akamletea chai ya maziwa, tamu kupita kiasi, naye akainywa yote.