Mwaka Ule Hawakurudi

"Nani alikutuma unijibie?" Febi aliuliza kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu Nargis akaendelea kukunja jani la kabichi juu ya wali kana kwamba hajasikia.

"Ulikataa kwa kinywa chako," akasema hatimaye. "Mimi nilirudia tu."

"Dada, kila mtu hukataa mara ya kwanza. Hata anayenyonya analijua hilo."

Ni kweli, kijiji kizima kililijua. Askofu akitaka kasisi mpya, hutuma wajumbe kwa mtu aliyependekezwa na waumini, na mke ndiye huulizwa kwanza, maana bila sahihi yake mumewe hawekewi mikono. Naye mke hukataa. Husema hawastahili, watoto bado wadogo, na akiweza hulia kidogo. Anayekubali papo hapo huonekana ana uchu. Wajumbe huaga, hurudi, na safari ya pili au ya tatu karatasi hutiwa sahihi, vigelegele vikapigwa.

Juzi Febi alikuwa amekataa, tena vizuri. Asubuhi hii Abuna Banub, kasisi mzee aliyetumwa na askofu, alikuwa njiani kumrudia. Akapita kwanza kwa Nargis, kwa kuwa ndiye dada mkubwa, ndiye aliyemlea Febi tangu mama yao alipofariki. Alimuuliza kama mdogo wake anakataa kwa adabu au anakataa kweli. Nargis akajibu kwamba anakataa kweli, tena ameapa kurudi nyumbani kwa baba yao iwapo mumewe atavalishwa joho jeusi. Abuna akashukuru, akaipinda safari yake kuelekea kwa Labib mwenye duka la dawa, aliyekuwa wa pili kwenye orodha. Habari hazikuchukua nusu saa kumfikia Febi.

Sasa Nargis alijitetea kwa mengi. Kwamba mke wa kasisi hana mume, mume ni wa watu wote. Simu hailali. Sikukuu anakula peke yake na watoto. Akifiwa haolewi tena. Alisema yote hayo aliyasema kwa huruma.

"Huruma gani hiyo yenye macho mekundu?" Febi akauliza.

Nargis alibana jani hadi likapasuka. Tangu jina la Wissa, mume wa Febi, liliposomwa kanisani, chakula hakikuwa kikimpita vizuri. Wissa, muuza mbolea, anayeimba kama mlango mbovu, ilhali Zikri, mume wake Nargis, anaijua ibada nzima ya Kikopti kwa moyo. Alishaiona picha yote: Wissa amemaliza siku zake arobaini za mafungo kule kwenye monasteri ya al-Muharraq, analetwa nyumbani kwa matari na nyimbo, wanawake wanasimama Febi akipita na kumwita Tasoni, kama aitwavyo mke wa kasisi. Na yeye Nargis, aliyemfuta Febi kamasi na kumchana nywele, atasimama pamoja nao. Zikri atainama aubusu mkono wa Wissa. Hiyo ndiyo iliyomshinda kumeza.

"Unajua kinachoniuma?" Febi alisema, sauti imeshuka. "Nilikuwepo, dada. Miaka tisa iliyopita walipomjia shemeji Zikri, ulikataa kwa adabu. Kesho yake tulibadilisha foronya, ukanunua gilasi mpya za chai. Siku nane tulikuwa tukichemsha maji. Hawakurudi."

Nargis akaliweka kando jani lililopasuka. Mjumbe wa wakati ule alikuwa mgeni kutoka Asyut, hakumjua mtu, akalichukua neno la Nargis kama lilivyo. Na Nargis alimwambia Zikri kwamba alikataa kwa sababu hakutaka. Heri mume aamini hukutaka kuliko ajue hukubembelezwa. Zikri hakulaumu, ila mwezi mzima hakuimba.

"Sikumwambia mtu," Febi akasema. "Nilikufichia. Na wewe umenitendea kama walivyokutendea."

Kisha akakaa juu ya gunia la mchele akalia. Hakikuwa kilio cha kuwaonyesha wajumbe. Nargis alikitambua, kwa sababu siku ya tisa yeye mwenyewe alilia hivyo hivyo, mlango umefungwa.

Kijicho chake kilikuwa bado kipo, hakikwenda popote. Akauliza kama Zikri amefuatana na Abuna. Febi akatikisa kichwa kuafiki. Zikri ni mzee wa kanisa, angekuwa wapi kwingine?

Kwa hiyo atasikia.

Nargis akanawa mikono, akajifunga kitambaa kichwani. "Nenda kwako ukafagie," akamwambia mdogo wake. "Na ukatae tena kidogo, usije ukawarukia."

Kwa Labib alikuta sebule imejaa. Madlin, mke wa Labib, alikuwa katikati ya kukataa, kitambaa machoni, akieleza jinsi nyumba yao isivyostahili. Nargis hakungoja amalize. Aliubusu mkono wa Abuna, akabaki amesimama.

"Abuna, nilikudanganya. Febi alikataa kwa adabu. Nilisema vile kwa kijicho."

Mzee akamuuliza taratibu, kijicho cha nini, naye ana mume kama Zikri.

Nargis akamgeukia mumewe, aliyekuwa ameshika gilasi ya chai.

"Kwa sababu mwaka ule nami nilikataa kwa adabu, Zikri. Niliwangoja siku nane."

Zikri akaiweka gilasi mezani, polepole, asimwondolee macho. Madlin akashusha kitambaa, kilikuwa kikavu. Abuna Banub akaikunja karatasi ambayo haikuwa na sahihi, akairudisha mfukoni, akaomba fimbo yake.

Nargis akafungua mlango, akawatangulia yeye mwenyewe hadi kwa Febi.