Kifungo Mezani

Ukumbi wa chuo kikuu ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, na wote walikuja kwa ajili ya Kidoti. Dada yake mkubwa alikaa safu ya mbele, mkoba mapajani, roho ikimwuma. Ni yeye aliyemfundisha mdogo wake mantiki kwenye meza ya jikoni, Kidoti akiwa bado anang'oka meno ya utotoni. Kisha dada mtu akabaki kufundisha hesabu chuo cha ualimu, na Kidoti akaenda mbele, akathibitisha kanuni ambayo leo kila anayekagua programu za ndege au za benki anaitegemea. Wanafunzi wake walikwishapata wanafunzi wao. Jioni hiyo idara ingepewa jina lake.

Labda. Maana dada mtu alikuwa amepata tundu.

Alikuwa ameupekua uthibitisho ule kama mtu anayetafuta chawa. Hatua ya nne ilisema hivi: kama vitu vyote bakulini ni vyekundu, basi bakulini kipo kitu chekundu. Na bakuli likiwa tupu? Vyote ni vyekundu, kwa kuwa hakuna hata kimoja kisicho chekundu, lakini chekundu hakipo hata kimoja. Hatua ya nne ikianguka, kanuni nzima inaanguka nayo.

Wazungumzaji walipokezana. Kila mmoja, kabla ya kufungua kinywa, alitoa kifungo cha shati mfukoni na kukiweka mezani. Mbwembwe za wasomi, dada mtu aliwaza, akasonya.

Wakati wa maswali alisimama kabla mwenyekiti hajamaliza kukaribisha.

"Mdogo wangu, hatua yako ya nne. Bakuli likiwa tupu, unafanyaje?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, wakafuata wengine. Masikio ya dada mtu yakawaka moto.

"Nyamazeni," Kidoti alisema. Akaokota kimoja cha vifungo vilivyokuwa mezani. "Dada, hiki unadhani kinafanya nini hapa?"

"Nitajuaje? Labda mmeshindwa kushona."

"Swali lako hilo la bakuli tupu nilikuuliza mimi, kule jikoni. Nikalia kwa kuwa sikuelewa. Ukang'oa kifungo cha sweta lako, ukakitupia bakulini."

Dada mtu akakumbuka. Sufuria ilikuwa inaungua, na mtoto hanyamazi. *Bakuli tupu halituhusu. Tia kitu ndani, tuendelee.* Alisema hivyo ili apate kugeuza mboga.

"Huwa naanza hivyo kila somo," Kidoti alisema. "Kwanza tunakubaliana kuna kitu bakulini, ndipo tunathibitisha. Hawa wote wamejifunza hivyo. Nikiwaambia ni kifungo cha dada yangu, wanadhani natania."

Sasa hakucheka mtu. Dada mtu alijaribu kufurahi, akaweza nusu. Kifungo chake kilikuwa kimefika vyuo vyote walikotoka wazungumzaji, na yeye hakuwahi kualikwa hata kimoja.

"Mwalimu, una swali la nyongeza?" mwenyekiti aliuliza kwa upole.

"Sina. Ila kilikuwa cha buluu." Akaunyooshea kidole mkono wa mdogo wake. "Na kilikuwa na matundu mawili, si manne. Kama mnaiga, igeni sawasawa."

Kidoti akaugeukia ukumbi. "Mmesikia. Buluu, matundu mawili."

Baadhi yao wakaandika. Jina la idara lilipotangazwa, dada mtu alipiga makofi kama wengine, lakini aliacha mapema.